Mtutu Mpya Umefungwa, Bunduki Inagoma: Dalili, Sababu na Tiba

Bunduki ya bolti iliyobadilishwa mtutu ina malalamiko machache tu. Bolti (chuma chenye mpini kinachoziba nyuma ya mtutu) haifungi, au inafunga kirahisi mno. Maganda yanatoka na alama zisizo za kawaida. Matundu yanatawanyika kwenye shabaha ilhali mtutu wa zamani uliochakaa ulikuwa unapiga vizuri zaidi. Karibu kila mara watu hukimbilia kuulaumu mtutu. Mara nyingi kosa liko kwingine: skrubu ndefu, uchafu usiozidi unene wa karatasi, au geji iliyosomwa vibaya.

Mambo mawili kabla ya kushika spana. Nchi nyingi huuhesabu mtutu kuwa sehemu inayodhibitiwa, na zingine humruhusu mwenye leseni ya ufundi peke yake kuubadilisha, au hudai bunduki ipimwe upya kabla ya kuuzwa. Hakikisha sheria ya ulipo. La pili: risasi hai zikae chumba kingine kazi yote ikiendelea. Majaribio ya kulisha yafanywe kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki.

Jambo lingine la kulijua mapema ni aina ya ufungaji, kwa sababu tiba hutofautiana. Savage 110, iliyotoka mwaka 1958, hufunga mtutu kwa nati: mtutu unaingizwa hadi kina unachokitaka, kisha nati inaubana dhidi ya resiva (mwili wa bunduki unaobeba bolti). Remington 700 hutumia mtutu wenye bega, yaani ngazi iliyochongwa kwenye mtutu: unakazwa hadi bega ligonge bamba la msukumo (kipande cha chuma mbele ya resiva kinachopokea teke la bunduki) na basi, kina kimeshaamuliwa na aliyeukereza. Mauser 98 nayo ina hesi 12 kwa inchi, na mtutu wake hukaza kwenye ukingo ulio ndani ya resiva. Winchester 70 za kabla ya 1964 zina mfereji wa ndoano ya kuvutia ganda uliochongwa kwenye mtutu wenyewe, kwa hiyo lazima mtutu uishie kwenye pembe moja tu. Savage ndiyo inayomvumilia anayeanza. Mauser na hizo Winchester si kazi ya mezani nyumbani, maana bila mashine ya kerezo utakwama katikati.

Mtutu wa zamani haufunguki

Kabla ya kulaumu kutu, toa kishikio cha darubini. Kwenye Remington 700 na nyingine nyingi, tundu la skrubu ya mbele kabisa liko juu ya hesi za mtutu. Skrubu ikiwa ndefu kidogo inakandamiza hesi kama breki, na ukilazimisha mtutu kuzunguka utakwangua hesi za pande zote mbili.

Skrubu zikishatoka, angalia nini kinateleza. Kama mtutu unazunguka ndani ya jiliwa, tatizo ni mshiko. Mtutu una mchongoko, kwa hiyo vibano vya mbao vilivyonyooka huugusa sehemu moja tu. Tumia vibano vya alumini vilivyotobolewa kwa kipenyo karibu na cha mtutu wako, zungusha karatasi ngumu au kipande cha ngozi, nyunyiza unga wa ulimbo, na bana karibu na resiva kadiri uwezavyo. Mafuta yoyote juu ya mtutu yafutwe kwanza kwa spiriti. Ukibana katikati ya mtutu, sehemu ndefu inapinda kama springi na kumeza nguvu yako yote.

Kama mshiko ni imara na bado hakuna kinachosogea, weka mafuta ya kulegeza kutu kwenye mwanzo wa hesi na uache usiku mzima. Siku ya pili pasha moto nati au pete ya mbele ya resiva kwa hita ya hewa moto kwa dakika 5 hadi 10, kwa sababu viwanda vingine huweka gundi ya hesi. Usitumie gesi ya kuchomelea. Resiva na masikio ya bolti (vinundu vinavyoifungia bolti ndani ya resiva) hutegemea ugumu uliotengenezwa kwa moto uliopimwa, na chuma kikianza kugeuka rangi ya majani makavu umeshapita kiasi. Halafu badala ya kuvuta taratibu kwa bomba refu, piga mpini wa spana pigo moja kali kwa nyundo nzito. Mshtuko wa ghafla hukata mshiko wa hesi pale ambapo nguvu ya polepole inapinda vyuma tu.

Spana ya resiva ishike pete ya mbele. Ukiishika resiva kwa nyuma, karibu na kifyatulio, nguvu yote inapita kwenye sehemu nyembamba yenye madirisha ya kutolea maganda, na resiva inaweza kujikunja. Dalili yake utaiona baadaye: bolti inayokwama mahali pamoja hata bila risasi. Hilo halitibiki nyumbani.

Njia ya mwisho, kama mtutu wa zamani ni wa kutupwa, ni kumpelekea fundi wa kerezo akate mfereji mwembamba mbele ya bega lake. Mkazo wote unaachia na mtutu unatoka kwa mkono.

Bolti haifungi juu ya geji ya kupita

Hapa ndipo bunduki nyingi huharibiwa, kwa kuwa mtu huishia kuusukuma mpini wa bolti kwa kiganja. Usifanye hivyo. Geji ni chuma kigumu chenye umbo la risasi: bolti inatakiwa kufunga juu ya ile ya kupita, na isifunge juu ya ile ya kutopita. Mpini nao una nguvu kubwa ya kuvuta kwa sababu masikio ya bolti yamechongwa kwa mteremko. Unaweza kukwaruza bega la chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) bila kusikia chochote.

Tuelewane kuhusu kinachopimwa. Hedispesi ni umbali kati ya uso wa bolti iliyofungwa na mahali ndani ya chemba panapozuia ganda lisiende mbele zaidi. Kwenye .308 Winchester mahali hapo ni kwenye bega, pale ambapo kipenyo ni inchi 0.400, yaani milimita 10.16. Geji ya kupita ya .308 ni inchi 1.630 (mm 41.40), geji ya kutopita ni 1.634 (mm 41.50), na ile ya matumizi, kikomo cha bunduki iliyokwisha tumika, ni 1.638 (mm 41.61). Tofauti ya kupita na kutopita ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Risasi zenye mkanda kama .300 Winchester Magnum huzuiwa na mkanda wake, na zenye ukingo kama .303 British huzuiwa na ukingo. Nunua geji zote mbili kwa mtengenezaji mmoja, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani sana kuhusu geji ya kutopita.

Sasa utafute kinachogusa, kwa mpangilio huu.

Funga bolti bila geji, chemba tupu. Ikigoma hapo, hedispesi haihusiki kabisa. Kitu kinaizuia bolti. Mshukiwa wa kwanza ni skrubu ya darubini, safari hii ile inayoshuka hadi njia ya masikio ya bolti. Itoe ujaribu tena. Mshukiwa wa pili ni pua ya bolti kugonga nyuma ya mtutu. Paka pua ya bolti na ukingo wake wino wa kalamu nzito, funga taratibu, toa, utazame wino umefutika wapi. Kwenye Remington 700 pua ya bolti hukaa ndani ya shimo lililokerezwa nyuma ya mtutu, na panatakiwa nafasi ya inchi 0.005 hadi 0.010, yaani mm 0.13 hadi 0.25, ili isiguse. Wino ukifutika kuzunguka pua, mtutu umekerezwa vibaya au si wa resiva hiyo. Rudisha.

Ikifunga bila geji lakini ikagoma nayo, safisha kabla ya kuwaza lingine. Chemba mpya mara nyingi huja na mafuta ya kukatia chuma na vumbi la chuma. Brashi ya chemba, spiriti, kitambaa kikavu. Futa pia uso wa bolti, geji yenyewe, na mahali pa masikio ya bolti ndani ya resiva, pembe ambayo kitambaa cha kawaida hakifiki na ambako grisi ya zamani iliyoganda hujificha.

Kisha vua bolti. Toa pini ya kufyatulia na springi yake, toa kirusha ganda. Kirusha ganda cha springi huisukuma geji mbele na pembeni, nawe utadhani chemba ni fupi. Ndoano nayo itoke kama inatoka kirahisi. Kama imepigwa ribiti, iache, lakini ingiza ukingo wa geji chini ya ndoano kwanza badala ya kuangusha geji kwenye chemba. Bolti iliyovuliwa hivi, chemba ikiwa tupu, mpini wake unapaswa kuanguka kwa uzito wake wenyewe. Hiyo ndiyo hisia ya kulinganishia.

Bado inagoma? Kwenye Savage legeza nati na utoe mtutu kidogo. Hesi zake ni 20 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima ni mm 1.27, na nyuzi 7.2 za pembe ni elfu moja ya inchi. Piga alama ya penseli kwenye mtutu na resiva ujue umezungusha kiasi gani. Kwenye mtutu wenye bega hakuna cha kurekebisha kwa mkono: chemba ni fupi na inahitaji kuongezwa kina kwa rima ya kumalizia (kifaa cha kuchimbia chemba), kazi ya fundi. Kupunguza bamba la msukumo kwa msasa ni kosa la pande mbili. Bamba jembamba huuingiza mtutu ndani zaidi na kuifupisha hedispesi, kinyume cha unachotaka, na msasa wa mkono hautoi nyuso mbili zilizo sambamba.

Bolti inafunga juu ya geji ya kutopita

Usiifyatue. Hapo hakuna mjadala.

Sababu nyepesi kwanza: umechanganya geji. Soma maandishi yake, si rangi wala mahali ilipokaa kwenye boksi. Ya pili ni uchafu. Kwenye mtutu wenye bega, kichipu cha chuma au grisi nene kati ya bega, bamba na resiva kinauzuia mtutu usiingie hadi mwisho, na chochote kilichokaa hapo kinaongezeka moja kwa moja kwenye hedispesi. Fungua, futa nyuso zote, funga tena. Kama bamba limebadilishwa, lipime unene kwa maikromita sehemu nne. Bamba jipya lililo nene kuliko la kiwandani hufanya hivyo hivyo, na watu husahau kwamba mtutu uliokerezwa tayari ulikerezwa kwa unene fulani wa bamba.

Kwenye Savage sababu kubwa ni nati kuhama wakati wa kukaza. Tofauti yake inastahili maelezo.

Ilikuwa sawa, nati ilipokazwa ikabadilika

Nguvu mbili zinashindana. Nati ikigonga bamba inauvuta mtutu mbele na kumaliza ulegevu wa hesi, hivyo hedispesi inaongezeka kidogo. Papo hapo msuguano wa nati unauburuta mtutu kuzunguka upande ule ule wa kukaza, kuelekea ndani, na hedispesi inapungua. Nani atashinda inategemea hesi, grisi na ulivyobana. Ndiyo maana mtu mmoja hulalamika bolti imekuwa ngumu na mwingine kwamba imelegea, kwa kazi ile ile.

Tiba: weka geji ya kupita, funga bolti, ingiza mtutu kwa mkono hadi uguse geji kwa wepesi. Kaza nati kwa mkono. Bana *mtutu* kwenye jiliwa, si resiva, halafu kaza nati kwa spana yenye kipimo. Nm 45 hadi 70 inatosha kwa nati nyingi. Fuata namba ya aliyetengeneza mtutu kama ipo. Mtutu wenye bega kwa kawaida hukazwa zaidi, Nm 80 hadi 135. Pima tena kwa geji zote mbili. Ikihama, rudia ukianzia upande wa pili wa kosa: kama iliongezeka kwa elfu moja ya inchi, anza na mtutu ulioingia nyuzi 7 zaidi. Mara tatu si aibu.

Ukitaka kipimo cha ndani zaidi ya "inapita, haipiti", bandika tabaka moja la selotepu kwenye kitako cha geji ya kupita na ukate kingo zake. Selotepu nyingi zina unene wa karibu mm 0.05, ipime yako kwa maikromita. Bolti ikikataa au ikiwa nzito na tabaka moja, uko kwenye nusu ya chini ya kiwango, mahali pazuri pa kuwa.

Paka hesi grisi ya kuzuia kushikana, kiasi cha kuacha ukungu tu. Mtutu usioshika kutu ndani ya resiva isiyoshika kutu bila grisi hii huweza kung'ang'ania katikati ya safari, hesi zikamenyana, na hapo hutatoa wala kuingiza.

Geji zimekubali, risasi zinakataa

Pitisha risasi bandia. Zikigonga nyuma ya mtutu badala ya kuingia, tazama kingo za mlango wa chemba: ukingo mkali unakwaruza kichwa cha risasi na unahitaji kulainishwa kidogo sana, nje ya mlango tu. Zikitoka kwenye magazini zimepinda, labda umebadilisha aina ya risasi na magazini haikubali urefu huo.

Kubadilisha aina ya risasi kuna kanuni ya uso wa bolti. .308, .243, 7mm-08, .260 Remington na 6.5 Creedmoor zina kitako cha inchi 0.473 (mm 12.0), kwa hiyo bolti moja inatosha. .223 ni 0.378 (mm 9.6) na magnum za mkanda ni 0.532 (mm 13.5), hizo zinataka kichwa kingine cha bolti, ambacho kwenye Savage hutoka kwa pini moja. Ukibadilisha kichwa cha bolti, pima hedispesi upya hata kama mtutu haujaguswa. Lee-Enfield No. 4 ilijengwa juu ya wazo hilo: vichwa vya bolti vilitolewa kwa namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu zaidi, ili hedispesi irekebishwe bila kugusa mtutu.

Mtutu ambao hauna maandishi ya aina ya risasi usifungwe kwenye bunduki yoyote. Andika, chora, fanya utakavyo, lakini isomeke. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba ya .223, na ikifyatuliwa hapo bunduki inapasuka.

Maganda yanasema nini

Mkupuo wa kwanza bunduki ifungwe kwenye mifuko ya mchanga na kifyatulio kivutwe kwa kamba kutoka nyuma ya kinga. Tumia risasi za kiwandani, si za kujijazia mwenyewe, ili kigeugeu kiwe kimoja.

Mstari unaong'aa kuzunguka ganda, milimita chache juu ya kitako, ni ganda linalovutika. Ingiza waya mwembamba uliopindwa ncha na uburute ukuta wa ndani; ukinasa kwenye mfereji, ganda lilikuwa karibu kukatika na hedispesi ni ndefu. Fataki iliyochomoza nje inasema hivyo hivyo, hasa kwa risasi za nguvu ndogo.

Fataki iliyobapa inadanganya. Wengi husema "presha kubwa", lakini hedispesi ndefu huifanya fataki irudi nyuma kisha igongwe na kitako cha ganda, ikabapa vile vile. Itenganishe kwa kutazama vingine: alama ya mviringo ya tundu la kirusha ganda kwenye kitako, na mpini mzito kuinuka. Vikiwapo pamoja na fataki bapa, ni presha. Mpini mzito peke yake, maganda yakiwa safi, mara nyingi ni chemba yenye mikwaruzo au mafuta yaliyobaki ndani. Mikwaruzo itajionyesha kama mistari kwenye ubavu wa ganda.

Matundu yanatawanyika

Anza na kitako cha bunduki, ile mbao au alumini inayobeba resiva. Mtutu mpya ukiwa mnene kuliko wa zamani, au nati ikiwa na kipenyo kikubwa, unagusa mfereji wa mbao. Pitisha karatasi mbili zilizokunjwa pamoja kati ya mtutu na kitako kutoka mbele hadi karibu na resiva. Zikikwama, ondoa mbao hapo. Matundu yanayopanda kidogo kidogo kadiri mtutu unavyopata moto ni dalili ya kawaida ya mguso huu.

Kisha bamba la msukumo. Kwenye Savage na Remington 700 bamba ni kipande kinachojitegemea na huzunguka mtutu unapokazwa. Likiisha limepinda hata kidogo, resiva haikai sawa kwenye kitako, na skrubu zinapokazwa zinaipinda. Jaribu hivi: kaza skrubu zote mbili, weka kidole pale mtutu unapokutana na mbao, legeza skrubu ya mbele. Ukihisi mtutu unaruka, kuna mkunjo. Fungua na ufunge tena, bamba likishikiliwa na pini au kibano cha kulinyoosha.

Skrubu za resiva kwenye kitako cha alumini au chenye nguzo za chuma hukazwa karibu Nm 7. Kwenye mbao tupu Nm 4 hadi 5, zaidi ya hapo unaponda mbao. Skrubu za pete za darubini Nm 1.7 hadi 2. Darubini ilivuliwa kwa ajili ya kazi hii, kwa hiyo ni mshukiwa sawa na mtutu. Ukiwa na nyingine unayoiamini, ibadilishe kabla ya kutumia risasi 50 kutafuta kosa lisilokuwapo.

Mwisho tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Pitisha pamba ya sikio kuelekea nje. Nyuzi zikinasa, kuna ukucha wa chuma. Mtutu ulioanguka mezani mara moja unatosha kufanya hivyo.

Kama kundi ni dogo ila limekaa mbali na shabaha, hakuna kilichoharibika. Mtutu mpya hauelekei pale pale ulipoelekea wa zamani. Toa bolti, tazama shabaha kupitia mtutu kwa mita 25, peleka alama ya darubini hapo hapo, ndipo uanze kulenga kwa risasi. Baada ya risasi 20 hivi rudisha geji zote mbili kwenye chemba safi. Kwenye bunduki za nati, kama itahama, itahama mapema.